Nepi za kutupa: mimi nazipanga kwa gundi, si kwa unene

Mteja akija dukani kwangu kuulizia pampasi, kitu cha kwanza anachofanya ni kubinya pakiti. Anaipima kwa kiganja, anailinganisha na ya pembeni, kisha anasema, "Hii ndiyo nzito, nipe hii." Nilikuwa nanunua hivyohivyo, mpaka robota moja liliponitia adabu. Habari za robota hilo zipo chini kabisa, pamoja na nepi za aina yake.

Siku hizi naanza na gundi. Najua ni kichekesho, nani anauliza gundi ya nepi? Lakini chukua mkasi uipasue nepi moja kavu. Upande wa ngozi kuna kitambaa chepesi kisichofumwa, ambacho kwa kweli ni plastiki iitwayo polipropilini. Plastiki hiyo haipendi maji, kwa hiyo kiwandani hupakwa kemikali ya jamii ya sabuni ili mkojo upite. Chini yake kuna tabaka la kupokea na kusambaza. Halafu kiini: nyuzi za mti zilizosagwa, ambazo sote tunaziita pamba ingawa zimetoka kwenye msonobari, zimechanganyika na punje nyeupe kama sukari. Punje hizo ni sodiamu poliakrileti, na ndizo zinazokunywa mkojo na kugeuka jeli. Kwenye maji safi hunywa mara mamia ya uzito wake, ila kwenye mkojo, kwa ajili ya chumvi, hushuka hadi kama mara 30. Mgongoni kuna plastiki isiyopitisha maji, na mapajani kuna lastiki.

Sasa tafuta mshono. Hakuna. Vitu vyote hivyo vimeshikana kwa gundi tupu.

Ni ndugu wa ile gundi ya bunduki ambayo wapambaji wa maharusi hubandikia maua. Huyeyushwa kwenye joto la kama nyuzi 140 hadi 160, ikanyunyizwa, ikapoa na kushika papo hapo. Kwa kuwa haisubiri kukauka, mashine moja hutoa mamia ya nepi kwa dakika. Henkel, H.B. Fuller na Bostik ni majina makubwa katika biashara ya gundi hizi, lakini hutayakuta kwenye pakiti.

Kazi ipo hapa. Gundi ya kawaida ya aina hii imetengenezwa kwa mpira, utomvu na mafuta, na mafuta na maji hayapatani. Palipopakwa gundi nyingi, mkojo hugota, hutambaa juu ya kitambaa ukitafuta njia, na njia iliyo karibu ni pajani. Ndiyo ile nepi inayovuja wakati kiini chake bado kikavu. Umewahi kuiona, ukadhani mtoto umemfunga vibaya.

Viwanda vina dawa mbili. Ya kwanza ni kunyunyiza gundi kama utando wa buibui, ikiacha matundu ya mkojo kupita. Ya pili ni kutumia gundi inayopenda maji, iliyotiwa ile kemikali ya jamii ya sabuni au iliyotengenezwa kwa polima inayokubali maji, ili mkojo upite palepale penye gundi na kusambaa. Lakini gundi inayopenda maji ikilowa hupungua nguvu. Ile inayoyakataa hushika vizuri hata ikilowa, ila inaziba njia. Nepi nzuri ni ile ambayo fundi wake alijua wapi aweke ipi: inayopitisha iwe juu, inayoshikilia iwe kwenye kiini na kwenye lastiki.

Gundi inayopenda maji unaweza kuiona kwa macho yako, tena bila mkasi. Ule mstari wa njano katikati ya nepi, unaogeuka kijani au bluu mtoto akikojoa, ni gundi. Wamechanganya ndani yake rangi inayobadilika, mara nyingi bromokresoli ya kijani. Gundi hiyo isingeyavuta maji, mstari ungebaki njano hata nepi ikijaa pomoni.

Jinsi ninavyozijaribu

Kabla sijaleta katoni ya jina jipya dukani, nanunua pakiti ndogo. Natengeneza maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai na nusu kwa lita moja, ambayo yanakaribia ukali wa gramu 9 kwa lita wanaotumia maabara badala ya mkojo. Usijaribu kwa maji ya bomba, kila nepi itaonekana shujaa.

Namimina mililita 80 katikati, nasubiri dakika kumi, namimina tena, nasubiri, namimina mara ya tatu. Mara ya kwanza karibu zote hufaulu. Angalia ya pili na ya tatu, maana ile kemikali kwenye kitambaa cha juu huweza kusafishwa na mkojo wa kwanza, na nepi hafifu huanza kukataa. Kisha nakunja karatasi za chooni, naziweka juu na kukandamiza kwa kiganja nikihesabu hadi kumi na tano. Zikitoka na unyevunyevu tu, sawa. Zikitoka chepechepe, mtoto angelala kwenye maji.

Mwisho naishika nepi iliyolowa kwa kiuno chake na kuitikisa kama unavyokung'uta khanga. Hapa ndipo gundi ya kiini inapojulikana. Kiini kizuri hubaki mahali pake. Kibovu hukatika, jeli yote ikaporomokea chini kama ugali kwenye mfuko. Mtoto anayetambaa atakuwa na bonge katikati ya mapaja na plastiki tupu kila mahali pengine.

Namba moja: ya kanda za kubandika kiunoni, nyembamba, yenye mifereji

Kwa mtoto ambaye hajaanza kusimama, na hasa kwa usiku, hii ndiyo chaguo langu. Ina punje nyingi na nyuzi chache, kwa hiyo ni nyembamba, na ndiyo maana wabinyaji wa pakiti huiruka. Ukiipapasa utasikia mistari miwili au mitatu isiyo na kitu katikati ya kiini. Hiyo ni mifereji. Tabaka za juu na chini zimegundishwa pale ili mkojo ukimbie hadi mbele na nyuma badala ya kutuama sehemu moja. Ikijaa huvimba kwa mpangilio.

Kasoro yake ni bei. Nepi hii pia haifichi gundi mbaya. Nepi nene ina nyuzi zilizosokotana zinazosaidia kushikilia punje, lakini kwenye nyembamba gundi ikishindwa hakuna cha kuiokoa. Kwa hiyo usinunue "nyembamba" kwa neno la pakiti, itikise kwanza.

Namba mbili: ya kanda, nene, ya bei ya kati

Hizi ndizo zinazotoka zaidi dukani kwangu, na kwa mchana sina ugomvi nazo. Nyuzi nyingi hupokea haraka, ila hubinyika: mtoto akikaa, sehemu ya mkojo hurudi juu. Badilisha mapema, usisubiri ijae. Kwa usiku mzima wa saa kumi mimi siziamini, ingawa wapo wateja wangu wanaoziweka namba moja kwenye orodha yao na watoto wao wako salama.

Namba tatu: nepi za suruali, za kuvaa kwa kupandisha

Mtoto akishaanza kusimama na kukimbia ukiwa na kanda mkononi, suruali inapanda hadi juu ya orodha bila mjadala. Kabla ya hapo unalipia lastiki. Kiuno chote kimezungushiwa nyuzi za lastiki zilizogundishwa zikiwa zimevutwa, na hapo ndipo pa kukagua: livute kiuno, liachie, mara tano. Likibaki limelegea upande mmoja, gundi imeachia na lastiki imeteleza ndani. Na kumbuka, wakati wa kuivua huchanwa ubavuni. Niliwahi kumwona baba mmoja akiivua kupitia miguuni ikiwa na kinyesi, na sitaki kueleza zaidi.

Namba nne: moja moja kutoka pakiti iliyofunguliwa

Nepi ni ileile, ila ukijumlisha bei ya moja moja kwa mwezi unalipa zaidi ya aliyenunua pakiti. Nauza hivyo mwenyewe, sitamcheka mtu. Siku nyingine mfukoni kuna hela ya nepi mbili tu. Lakini tazama imehifadhiwa wapi. Pakiti ikikaa wazi kwenye joto la pwani inanyonya unyevu wa hewa, maana punje zile hazichagui maji ya kunywa. Na hapa ule mstari wa njano unakuwa shahidi wako: ukiukuta una vidoa vya kijani kabla mtoto hajavaa, nepi imekaa kwenye unyevu. Iache. Kagua hivyo hata kwenye pakiti mpya, nepi ya kwanza tu utakayoitoa.

Kwa zile zisizo na mstari, nusa na uipapase. Ikiwa na vibonge vidogo ikiwa bado kavu, imeshakunywa.

Za mwisho: za kilo na za robota

Sasa robota langu. Nepi zisizo na pakiti, nyeupe, nzito, bei karibu nusu ya kawaida. Aliyeniuzia aliniambia ni mzigo wa kiwandani uliokosa mifuko tu. Wiki haikuisha, mama mmoja akarudi na mtoto begani, mapaja yamejaa punje zinazong'aa kama sukari iliyolowa. Alikuwa anatetemeka, kasikia kwa majirani kwamba jeli hiyo ni sumu. Tulimfuta mtoto kwa kitambaa chenye maji, tukamkagua, hakuwa na hata upele.

Niliporudi ndani nilizipasua nepi kumi. Tatu hazikuwa na gundi kabisa upande mmoja wa kiini. Ni kama pua ya kunyunyizia iliziba na mashine ikaendelea. Zile hazikukosa mifuko, zilikataliwa. Nilirudisha hela za wote waliokuja, nyingine nikatandika chini ya ndoo inayovuja, na kwa kazi hiyo zilifaa sana.

Kuhusu punje zenyewe: hazipenyi kwenye ngozi, na kuzikuta mwilini si jambo la kukimbilia hospitali. Zifute, badilisha nepi, usimwache mtoto azile. Ila ukizikuta mara kwa mara kwenye aina moja, hiyo gundi haishiki, hama.

Sisemi kila nepi ya kilo ni mbovu. Nasema huwezi kujua, kwa kuwa haina pakiti, haina tarehe, haina alama ya TBS, au KEBS kwa walio Kenya, wala wa kumlalamikia.

Mambo madogo yanayoharibu nepi nzuri

Mafuta. Mama amempaka mtoto mafuta ya nazi au ya mgando, kisha kwa vidole hivyohivyo anashika kanda. Haitashika, na atasema nepi ni feki. Futa mikono kwanza. Mafuta ya mgando mengi makalioni nayo huziba kitambaa cha juu, kwa kuwa yanafukuza maji. Paka kiasi, yasichuruzike.

Joto. Gundi iliyoyeyushwa kwa joto hulainika tena kwa joto. Usiweke katoni juu ya kabati lililogusa bati, wala kwenye buti ya gari siku nzima juani.

Saizi. Kilo zilizoandikwa hupishana, na mtoto wa kilo tisa anaweza kuingia kwenye saizi mbili tofauti. Akiwa mpakani, mchukulie kubwa kwa usiku. Lastiki ikiacha alama nyekundu zisizofutika haraka, imeshambana.

Na hesabu. Gawa bei kwa idadi ya nepi, si kwa ukubwa wa pakiti. Tuseme pakiti ya 40 ni shilingi 20,000, na ya 34 yenye mfuko mkubwa zaidi ni 18,700. Ya kwanza ni 500 kwa moja, ya pili 550. Mfuko mkubwa una hewa.

Kwa wanaouguza wazee, mpangilio ni uleule, isipokuwa hapo namba moja kwangu ni ya kanda daima, maana unaweza kumbadilisha mtu akiwa amelala. Baadhi ya pakiti za watu wazima huandika mililita zilizopimwa kwa njia ya ISO 11948, kiwango cha kimataifa. Kipimo hicho huchovya nepi nzima kwenye kimiminika, kwa hiyo mwilini haitafika huko. Kitumie kulinganisha pakiti mbili tu.

Ukiwa na mtoto mchanga nyumbani, usinunue katoni ya saizi ndogo hata kama mawifi wamechangishana. Chukua pakiti ndogo mbili za majina tofauti, toa moja kwenye kila pakiti uimiminie maji ya chumvi na kuitikisa. Katoni njoo uchukue wiki ya pili.