Kampuni ya upimaji nyota 2, dogo wa ofisi ya ardhi nyota 4 na nusu

Natoa mrejesho wa huduma ya urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja ambavyo watu wameshajenga ili wapate hati, niliyoipata kwenye halmashauri moja hapa kanda ya kati, jina siweki maana bado nina faili pale na sitaki lipotee, ila ukipanda kosta asubuhi hapa Dodoma mjini unafika kabla watu hawajamaliza chai ya saa nne, sasa we fikiria mwenyewe.

Nimehudumiwa na watu wa aina mbili. Kwanza kampuni binafsi iliyoletwa kupima kitongoji chetu chote, halafu miaka mitatu baadae mtumishi wa kudumu wa halmashauri, dogo mmoja mpima ardhi, yuko peke yake na hana hata pikipiki.

Kampuni walikuja 2020 mwezi wa saba, ule msimu wa upepo ambao vumbi unalitafuna. Niseme ukweli walipendeza. Land Cruiser, vizibao vya reflekta, mashine ya kupimia ya miguu mitatu, vijana wanajua kuongea, mkutano ukaitishwa chini ya mbuyu, wakaanza na mbukwenyi, salamu ya Kigogo, wazee wote wakacheka, tukachagua kamati ya urasimishaji na kila mtu akatoa hela yake. Kipindi hicho Lukuvi ndo waziri wa ardhi na alishashusha bei toka 250,000 mpaka 150,000 kwa kiwanja, kwahiyo watu hawakunung'unika sana, jirani yangu babu mmoja wa Kigogo aliuza mbuzi akamalizia na vijisenti vya karanga. Wakachora mchoro wa mipango miji, wakaanza kuchimbia bikoni, zile alama za saruji za kwenye kona za kiwanja. Kwangu walichimbia tatu na kiwanja kina kona nne. Nikamuuliza yule mkubwa wao akasema ya nne wiki ijayo kaka, saruji imekata. Basi ndo ikawa hiyo wiki ijayo mpaka simu zikaacha kuita.

Nyota mbili nimewapa kwasababu mchoro wenyewe haukuwa mbaya, barabara ziliachwa na eneo la shule liliachwa, hilo lazima niwape. Na mashine walikuwa nayo, halmashauri haina.

Sasa balaa lilianza 2023 nilipoenda kufuatilia hati. Nafika naambiwa kwenye ramani choo cha babu kiko ndani ya kiwanja changu. Choo kilichojengwa kabla mimi sijahamia pale! Nikasema basi angalieni vipimo vya uwandani, wakaniambia hatuna, vilibaki kwa kampuni. Yaani halmashauri nzima ina karatasi iliyochapwa tu, zile kodineti zenyewe, namba zinazoonyesha kila kona iko wapi, ziko kwenye laptopu ya mtu ambaye simu yake haipatikani. Hapa ndo nilikaa chini kabisa kwenye benchi la nje.

Haijaisha. Halmashauri ikamchukua mshauri elekezi mwingine, kwa mapato ya ndani safari hii, aje kuhakiki kazi ya wale wa kwanza. Nimeusoma huo mstari mwenyewe kwenye ubao wa matangazo pale kwenye matumizi ya robo mwaka, na diwani alipoulizwa mkutanoni ni shilingi ngapi alianza kwa kukohoa. Mshauri akaja siku nne, akalala gesti nzuri, akaandika ripoti nene yenye kava la plastiki na picha za rangi. Dogo wa ardhi alinionyesha ukurasa wa mapendekezo, pendekezo la kwanza ni halmashauri iimarishe kitengo cha upimaji kwa kuongeza watumishi. Tukaangaliana tukacheka mpaka dada wa masijala akachungulia.

Huyu dogo sasa. Mashine aliazima halmashauri ya jirani na tulisubiri wiki tano, siku ya kuja aliomba lifti kwenye pikipiki ya afisa kilimo, kaning'iniza mashine mgongoni kama mtu anatoka kuwinda. Hakuanzia kwangu, alianzia kule mbali kwenye alama ya zamani ya upimaji, akaniambia kaka hawa walianza vibaya pale mwanzo ndo maana kila kitu kimesogea. Kweli, mstari wetu wote ulikuwa umesukumwa mashariki kama mita mbili na kitu. Alisahihisha viwanja kumi na moja mpaka jua linazama, babu akapata choo chake na mimi nikapata kona ya nne. Vipimo vyote kaviingiza kwenye kompyuta ya ofisi na nakala kwenye fleshi iliyofungiwa kabatini, nimeiona kwa macho yangu.

Nusu nyota nimemkata kwa ile njoo alhamisi, aliniambia hivyo mara tatu na alhamisi zote tatu hakuwepo. Ila mtu mmoja kata zote hizo, we ungemfanyaje.

Nilimuuliza tukiwa kwa mama wa chapati, kwanini wasiajiri wapima wengine wawili wakanunua na mashine. Akasema mkurugenzi hawezi kuamka tu akaajiri mtumishi wa kudumu, lazima ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, lazima kibali kitoke Utumishi, mshahara unatoka Hazina, unaomba mwaka huu unapata mwingine au hupati. Mshauri elekezi yeye ni manunuzi, anatangazwa kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, analipwa kazi inaisha. Kwahiyo kumpata wa siku nne ni rahisi kuliko wa miaka thelathini. Mkurugenzi simlaumu yote, ila mashine ni kununua tu haihitaji kibali cha ajira, hapo mtanisamehe.

Na sisemi washauri wote hawafai. Mpango wa kwanza wa huu mji wetu wa Dodoma, ule wa 1976, ulichorwa na kampuni ya Toronto Canada. Lakini Wakanada walivyoondoka ilibaki CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, yenye wapima wake na mafaili yake, mpaka ilipovunjwa 2017 kazi zikaenda manispaa. Wazee wa mjini tuliilalamikia sana CDA, mimi nikiwemo, bomoabomoa zile nani amesahau, ila ukiuliza kiwanja chako kuna mtu anafungua kabati. Huku kwetu kabati lilikuwa limepanda Land Cruiser likaondoka.

Kama unaenda kufuatilia, nenda jumatatu saa mbili kabla hajapata lifti ya kwenda kijijini, beba risiti ya kamati na picha za bikoni zako ulizopiga na simu, na ukiambiwa ulipe kitu omba namba ya malipo, usitoe keshi. Hati yangu bado, ramani imepelekwa kuidhinishwa, wameniambia alhamisi.