Programu ya muziki: masikio yanashiba, mtunzi hajulikani

Nimelipia programu moja kubwa ya kusikiliza muziki kwenye simu kwa muda wa kutosha kuyajua mazuri yake na mabaya yake. Naandika kama mpenzi wa nyimbo za zamani, yaani yule mtu ambaye wimbo ukipigwa lazima aulize nani kashika besi na ulirekodiwa mwaka gani. Kama wewe unatafuta muziki wa kupigia pasi tu, ipakue usome mengine. Sauti ni safi, nyimbo unaweza kuzihifadhi ukazisikiliza bila bando, na haigandi hovyo.

Kipimo changu mimi ni "Malaika". Ni wimbo wa Kiswahili uliozunguka dunia kuliko nyingi, kwa hiyo anayeuza muziki lazima aujue vizuri. Andika jina hilo kwenye kisanduku cha kutafuta uone. Anatangulia Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, na kwa sauti ile sina ugomvi naye. Anakuja tena Makeba akiwa na Harry Belafonte, kutoka kwenye ile albamu yao ya 1965 iliyopata Grammy. Wapo Boney M. wa 1981, yupo Angélique Kidjo. Fadhili William, aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuufanya ujulikane, unamkuta huko chini kabisa, umeshavuka kwaya na vinanda vya kila aina. Na ukimpata, mwaka ulioandikwa pembeni ni ule ambao lebo, yaani kampuni ya santuri, iliutoa upya! Mtoto wa leo akiangalia pale ataamini Fadhili ndiye aliyemwiga Makeba.

Jina la mtunzi nalo linabadilika toleo hadi toleo, na kwingine hakuna jina kabisa. Najua mabishano ya nani hasa aliutunga, Fadhili au Adam Salim, ni ya miaka mingi. Basi yaandikwe hivyo, wasikilizaji tuna akili za kuelewa.

Kuna watakaosema nakuza jambo dogo. Wamkumbuke Solomon Linda, mwimbaji wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 yeye na kundi lake la Evening Birds waliingia studio ya Gallo, Johannesburg, wakarekodi "Mbube". Mwishoni mwa wimbo Linda alipandisha sauti juu akaachia melodia fupi, na melodia hiyo ndiyo dunia nzima ikaja kuimba. Kundi la The Weavers likaichukua Marekani, na kundi jingine la huko, The Tokens, likaifikisha namba moja mwaka 1961 kwa mashairi ya Kiingereza kuhusu simba aliyelala. Linda alikuwa ameuza haki zake kwa shilingi 10 za huko za wakati huo. Alifariki 1962 akiwa maskini, na wanawe walisubiri mpaka 2006 ndipo wakapata makubaliano ya kulipwa. Jina likikosekana kwenye karatasi, hela nazo hupotea njia. Kwa hiyo sehemu ya watunzi kwenye programu si pambo, na hii ninayoilipia imeifanya kijisehemu kilichofichwa nyuma ya vitufe.

Linaloniuma zaidi ni upande B. Santuri ndogo ya zamani ya 45, yaani inayozunguka mara 45 kwa dakika, haikubeba zaidi ya dakika tano hivi kwa kila upande, na bendi zetu, za Nairobi na za Kinshasa, nyimbo zao zilikuwa ndefu kuliko hizo dakika tano. Walichofanya ni kuukata wimbo mara mbili. Upande A unapata kisa chenyewe, waimbaji wanapokezana, mtu anamlaumu mpenzi wake kwa adabu zote. Unageuza santuri. Upande B maneno yanapungua, magitaa yanashika usukani, sebene inaanza, yaani kile kipande cha magitaa cha kuchezea, na hapo ndipo watu wanapoinuka kwenye viti. Sasa humu ndani sehemu ya kwanza unaikuta nambari tatu kwenye albamu, ya pili iko nambari tisa, au haipo kabisa. Unasikia solo inaingia, sauti inafifishwa, halafu kimya, halafu unaletewa wimbo wa mtu mwingine. Huo ni wimbo uliokatwa kiuno. Ukibahatika kupata sehemu zote mbili, zipange mwenyewe zifuatane kwenye orodha yako, zima kuchanganya nyimbo, kisha kwenye mipangilio ondoa pengo kati ya wimbo na wimbo. Inasaidia sana.

Panapostahili sifa nasifu. Mapendekezo yake yana sikio zuri. Nikimaliza "Sina Makosa" ya bendi ya Les Wanyika, yenyewe inaniletea bendi ya Simba Wanyika, na huo kweli ni ukoo mmoja. Wilson na George Peter Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga, waliianzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao wakajitoa, akiwemo Omar Shabani wa gitaa la rithimu na Tom Malanga wa besi, wakaunda Les Wanyika. Vaa visikilizaji vizuri uwasikie hao wawili kwenye "Sina Makosa". Rithimu inazunguka palepale bila kuchoka, besi inatembea, inanyamaza kidogo, inarudi pale ambapo hukuitegemea. Halafu rudi kwa Simba Wanyika usikie walichokiacha nyuma yao. Kwa spika ya simu raha hiyo huipati, besi yote inamezwa na hewa.

Nyimbo zilizorekodiwa upya na wazee wenyewe baadaye, kwa kinanda cha umeme na ngoma za mashine, zinawekwa kwa jina lilelile bila alama yoyote. Angalia urefu wa wimbo kabla hujabonyeza. Ukiuona umefupishwa sana, mara nyingi siyo ule.

Naipa nyota tatu kati ya tano, zote kwa sauti na mapendekezo. Kabla hujatoa hela, fungua toleo la bure, tafuta wimbo mmoja wa zamani unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji, uusikilize wote hadi mwisho wa sebene. Ukikuta umekamilika na mtunzi ameandikwa, lipia.