Kifaa cha ukutani, sumu, gundi na mtego: nilivyopambana na vipanya jikoni kwangu

Niligundua wamo ndani siku nachambua mchele wa pilau. Nikatoa punje moja nyeusi nikadhani ni mbegu ya majani, nikatoa ya pili, ya tatu ikapondeka kidoleni. Sinia nikaiacha palepale. Kuja kugeuza gunia, lina tundu kwa chini, upande ule uliokuwa umeegemea ukuta.

Tunapanga Tabata, na jiko letu limepakana na uchochoro ambako nyumba tatu zinaweka ndoo za taka. Hawa si panya buku wa mtaroni. Ni vile vipanya vya kijivu, mwili mdogo na masikio makubwa, vinavyopita mbele yako mpaka ujiulize kama kweli umeona kitu.

Pesa yangu ya kwanza ilikwenda kwenye kifaa cha kuchomeka kwenye soketi, kile kinachodaiwa kutoa mawimbi ya sauti ambayo binadamu hasikii ila panya hawayavumilii. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 18,000. "Dada, ukichomeka leo, kesho wanahama na ukoo wao," muuzaji aliniambia. Usiku wa tatu nikaamka saa nane kunywa maji. Nawasha taa, kipanya kimekaa kando ya jiko la gesi, shubiri moja kutoka kwenye kifaa, kinapangusa masharubu. Hakikukimbia hata. Mdogo wangu alicheka sana, akaniambia huko Marekani tume ya biashara, FTC, iliwaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa vya aina hii mwaka 2001, kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Mimi nilikuwa nanunua miaka zaidi ya 20 baadaye! Sauti yenyewe haipiti ukuta wala mlango wa kabati, na panya huizoea. Halafu LUKU ikiisha usiku, kifaa nacho kinalala. Nakipa nyota moja, kwa sababu ya ile taa yake ya buluu.

Sumu nilinunua kwa yule kijana anayepita na spika, "dawa ya mende, kunguni, panya, viroboto". Vipakiti havina lebo, hujui ndani kuna nini, na nyumba ina mtoto wa miaka mitatu. Nilitega nyuma ya kabati usiku mmoja tu, asubuhi nikajuta nikaviokota vyote. Nilikuwa nimechelewa. Sumu nyingi za panya hufanya damu isigande, kwa hiyo mnyama hafi papo hapo, anatembea nayo siku kadhaa na kufia anakotaka yeye. Wa kwangu alichagua dari. Wiki nzima tulikula sebuleni, madirisha wazi, na wageni tunawaambia ni mtaro. Sirudii tena.

Gundi inanasa, sitasema uongo. Kile kikaratasi cha kukunja cha 3,000 kilinasa viwili usiku wa kwanza. Kilinasa pia mjusi, na kandambili ya mtoto. Lakini hakuna anayekwambia kuhusu asubuhi yake: kipanya ki hai, kinalia, kinajivuta, na wewe umeshika ndoo ya maji hujui uanzie wapi. (Mjusi nilimnasua kwa mafuta ya kula, kidogo kidogo, gundi inaachia.) Vumbi la unga likishatua juu yake gundi haishiki tena, na jikoni kwangu unga uko kila mahali.

Mtego wa kubana, kile kibao chenye springi cha 2,500, ndio ulionishangaza. Mwanzo niliuweka katikati ya sakafu na kipande kikubwa cha dagaa. Asubuhi dagaa hayupo, mtego uko vilevile. Kumbe kipanya hutembea kikigusa ukuta, hakipendi uwanja. Nikauweka kichwa cha mtego kikitazama ukuta, chambo ni siagi ya karanga, tena kama punje ya harage tu, nimeipaka ikashika. Ukiweka nyingi analamba pembeni anaondoka. Siku sita, vipanya vinne. Nyota nne, ya tano nimeinyima kwa sababu ya kidole changu.

Ila wakaendelea kuja. Ndipo usiku mmoja nikanyunyiza unga wa sembe sakafuni, safu nyembamba mbele ya makabati yote, nikaenda kulala. Asubuhi vijiguu vyote vilikuwa vimetokea sehemu moja, chini ya sinki. Nikamwita fundi, akatoa kabati, akamulika na simu. Bomba la maji machafu lilikuwa limepitishwa kwenye tundu la ukubwa wa ngumi, na hakuna aliyelijaza. Pembeni, pale mpira wa gesi unapotoka nje kwenda kwenye mtungi, kulikuwa na upenyo wa kuingiza penseli. Nikasema huu hauna neno. "Mama, huo ndio mlango wenyewe," akanijibu. Kweli, milimita sita au saba zinamtosha kipanya. Kichwa kikipita, mwili unafuata.

Aliokota stilwaya ya kusugulia masufuria, akaishindilia ndani kwa bisibisi, kisha akafunika kwa saruji. Saruji peke yake ikiwa mbichi wanaichimba, na povu la kupuliza wanalitafuna kama mkate. Chini ya mlango wa uani akagongea kipande cha bati. Kazi yote, vifaa na ufundi, shilingi 22,000. Mchele na unga nimehamishia kwenye ndoo za lita 20 zenye mifuniko ya kubana.

Ukisafisha mavi na mkojo wao, usifagie kavu. Nilivaa glavu, nikamwagia maji yenye jiki, nikasubiri dakika kumi ndipo nikafuta. Waliokuwa wakifuatilia habari za Ruangwa, Lindi, mwaka 2022 wanakumbuka homa ya mgunda (leptospirosis), na mkojo wa panya ni moja ya njia zake za kuenea.

Leo ni wiki ya tisa. Mitego miwili bado imetegwa, siagi ya karanga imekauka haijaguswa. Mwenye nyumba nimemtumia risiti ya fundi anikatie kwenye kodi. Amejibu kwamba ataangalia.