Tahadhari: Diski za RW zinauzwa Dar es Salaam kwa jina la DVD-R

Ndugu zangu mnaopiga na kuhariri video za harusi, sendofu na kipaimara, naomba mjihadhari na muuzaji mmoja anayezunguka katika studio za Dar es Salaam akijitambulisha kuwa winga wa duka la Kariakoo. Anauza diski zilizobandikwa karatasi yenye maandishi "DVD-R 4.7 GB 16x", yaani diski ya kurekodiwa mara moja tu, kwa kasi ya hadi 16x, ilhali nyingi kati yake ni DVD-RW na DVD+RW, yaani diski za kufutwa na kurekodiwa upya. Kwa kuwa RW mpya kwa kawaida ni ghali kuliko DVD-R, mtu anaweza kujiuliza anapata faida gani. Hizi si mpya: zimeshatumika, zikafutwa, na karatasi ile imewekwa ili kuficha maandishi ya kiwandani.

Ulaghai huu hauonekani haraka kwa sababu yeye hutembea na deki yake mwenyewe, ya kisasa, inayosoma kila aina, na diski hucheza vizuri mbele ya mnunuzi. Shida huanza nyumbani kwa mteja. DVD-R hurudisha asilimia 45 hadi 85 ya mwanga wa leza, wakati RW hurudisha asilimia 18 hadi 30 tu, kiwango kilekile cha diski za filamu zenye tabaka mbili. Kwa hiyo deki nyingi za zamani ama hushindwa kabisa kuisoma, ama huidhani kuwa ya tabaka mbili na kuanza kutafuta tabaka ambalo halipo. Ukimrudishia malalamiko, hujibu kwamba deki ya mteja ndiyo mbovu, na mpiga video hubaki akibishana na familia iliyokwisha kulipa. Linaloniumiza zaidi ni kwamba DVD-R ikishachomwa haifutiki, lakini kumbukumbu ya ndoa iliyowekwa kwenye RW inaweza kufutwa na mtu yeyote mwenye kompyuta yenye draivu ya kuchomea.

Kabla ya kulipa, igeuze diski. Upande wa kurekodia wa DVD-R huwa na rangi ya zambarau au buluu inayotokana na wino wake, ambapo RW huwa ya kijivu cha fedha iliyokoza. Kisha iweke kwenye kompyuta na ufungue programu kama ImgBurn, ambayo itakuonyesha aina halisi ya diski bila kujali kilichobandikwa juu. Angalia pia kasi zinazotolewa: DVD-RW haizidi 6x na DVD+RW haizidi 8x, kwa hiyo diski inayodaiwa kuwa ya 16x lakini ikaishia hapo ina walakini. Muuzaji akikataa upimaji huo, usinunue.

Ana pia diski anazoziita za 8.5 GB. Diski halisi ya tabaka mbili aina ya DVD+R DL huonyesha sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) 4,173,824. Za kwake zilizopimwa zilionyesha 2,295,104, ambayo ni DVD+R (aina nyingine ya diski ya kurekodiwa mara moja) ya kawaida ya 4.7 GB.

Kwa haki, si kila diski inayogoma ni ya ulaghai. DVD-R halali isiyofungwa (yaani isiyokamilishwa kwa amri ya "finalize") baada ya kurekodiwa haitasomwa na deki nyingi, na hilo ni la mchomaji, si la muuzaji. Vilevile DVD+R ni bidhaa halali. Ilikuja mwaka 2002, baada ya DVD-R ya Pioneer ya 1997, na kwa draivu nyingi unaweza kuipa alama ya DVD-ROM, yaani diski iliyorekodiwa kiwandani, ili deki kongwe ziipokee. Anayekuuzia +R akisema wazi kuwa ni +R hajakukosea.

Kama umekwisha kugawa kazi kwenye diski zake, wapigie wateja mapema. Draivu nyingi za kompyuta husoma RW bila taabu, kwa hiyo hamisha video kwenye diski kuu, ichome upya kwenye DVD-R uliyoipima, kisha uifunge. Karatasi aliyobandika usiibandue, kwa maana ndiyo ushahidi wa alichodai kuuza. Hifadhi diski kadhaa jinsi zilivyo pamoja na ujumbe wa malipo ya simu, kwa sababu risiti hatoi, na uvipeleke polisi.