Usiku wa futiboli ya Marekani mtaani Barani, Malindi: uchambuzi mzuri wa kushindwa kwa Alabama, ila safu ya mbele imesahauliwa

Malindi haina uhaba wa kumbi za kuonyeshea mpira, lakini karibu zote huishi kwa ligi ya Uingereza, na anayetaka kuuelewa mchezo mwingine hubaki na simu yake pamoja na maelezo yasiyomfaa. Ukumbi mmoja wa mtaa wa Barani umeanza kuliziba pengo hilo. Jumamosi usiku, baada ya sala ya isha, huonyeshwa mechi moja ya futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani iliyokwisha kuchezwa, na kijana anayeufuatilia mchezo huo kwa karibu huisimamisha picha kila inapobidi na kueleza kwa Kiswahili kilichotokea na sababu yake. Kiingilio ni shilingi 100, na kahawa imo ndani ya bei hiyo.

Usiku ninaouhakiki hapa ulihusu fainali ya tarehe 10 Januari 2022 mjini Indianapolis, ambapo Georgia iliifunga Alabama 33 kwa 18 na kutwaa ubingwa wake wa kwanza tangu msimu wa 1980. Mechi hiyo ilianza baada ya saa mbili usiku kwa saa za kule, yaani saa kumi alfajiri kwetu, kwa hiyo hata aliyekuwa na king'amuzi cha kuipata hakuwa na mahali pa kuitazama pamoja na wenzake. Swali lililowekwa mbele ya wasikilizaji lilikuwa moja tu: kwa nini timu iliyokuwa na mrushaji wa mpira Bryce Young, mshindi wa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, ilivuka mstari wa goli mara moja pekee katika dakika 60?

Kabla ya picha kuanza, mchambuzi alipanga vizibo vya soda juu ya meza, 11 vyekundu na 11 vyeusi, akaonyesha kwamba timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10, na kwamba kufika mwisho wa uwanja, yaani tachidauni, huleta pointi 6 na nafasi ya kuongeza, ilhali mkwaju unaopita kati ya milingoti huleta 3. Maelezo hayo yalikuwa mafupi na yalitosha. Sijawahi kusikia sheria za mchezo huu zikifunguliwa kwa wepesi namna hiyo, na waliokuwa wageni kabisa waliweza kuifuata mechi nzima.

Alianza na yaliyotangulia, na alifanya vyema. Tarehe 4 Desemba 2021, katika fainali ya kanda yao, Alabama iliipiga Georgia hiyo hiyo 41 kwa 24, na Young akarusha mipira ya jumla ya yadi 421. Siku hiyo mpokeaji wake John Metchie aliumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Akabaki Jameson Williams, mwenye mbio za kuogofya, ambaye pamoja na Metchie walikuwa wamevuka yadi 1,000 kila mmoja kwa msimu. Katika robo ya pili ya fainali ya Januari, Williams aliudaka mpira uliompatia yadi 40, akageuka ili aendelee kukimbia, na goti lake la kushoto likamwachia. Mchambuzi aliionyesha picha hiyo mara moja tu, akaisimamisha kabla mchezaji hajaanguka, akakionyesha kwa kijiti kisigino kilichokuwa kimekita ardhini huku mwili ukielekea kwingine. Kisha akaendelea bila kuirudia, jambo ambalo nililiona la staha.

Kuanzia hapo hoja yake ilikuwa kwamba Alabama ilikwama kwa sababu ya majeraha. Aliwaonyesha vijana walioingia badala ya wale wawili, wengi wao wakiwa wa mwaka wa kwanza, jinsi walivyochelewa kugeuka, jinsi mipira mingine ilivyofika mikononi ikadondoka, na jinsi Young alivyolazimika kuushikilia mpira kwa muda zaidi akisubiri mtu ajitenge na mlinzi wake. Hayo yote ni kweli, na yeyote aliyekuwa ukumbini aliyaona kwa macho yake.

Hata hivyo, naamini hoja hiyo inaeleza nusu ya mambo, na hapa ndipo huduma hii ilipopungua. Alabama kwa jumla ilikimbia na mpira yadi 30 tu katika mechi nzima. Mchambuzi aliitaja tarakimu hiyo na kuipita kana kwamba ni jambo dogo, ilhali kwangu mimi ndiyo kiini cha mechi. Katika mchezo wa vyuo, yadi anazopoteza mrushaji anapoangushwa akiwa bado na mpira huhesabiwa kwenye mbio za timu, na Young aliangushwa mara kadhaa, lakini hata ukiziondoa hizo, mkimbiaji mkuu Brian Robinson alipewa mpira mara 22 na kupata yadi 68, yaani yadi 3 na ushei kila mara. Siku 10 kabla ya hapo, katika nusu fainali dhidi ya Cincinnati, mkimbiaji huyo huyo alikuwa amepata yadi 204, na Metchie hakuwepo siku hiyo pia. Basi kukosekana kwa wapokeaji peke yake hakuwezi kuwa jibu. Kilichobadilika ni watu waliokuwa wamesimama mbele ya Robinson.

Georgia ilikuwa na Jordan Davis, Devonte Wyatt, Jalen Carter na Travon Walker katika mstari wake wa kwanza, na katika uteuzi wa Aprili 2022, ambapo timu za kulipwa huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, walinzi 5 wa timu hiyo walichukuliwa katika raundi ya kwanza, Walker akiwa wa kwanza kabisa kuliko wachezaji wote. Watu wa namna hiyo wakiweza kuuzuia mkimbio bila kuhitaji msaada, wenzao wa nyuma hubaki huru kuwalinda wapokeaji na kunyemelea mipira. Mkimbio usipoenda, jaribio la tatu hukuta bado yadi 7 au 8 zinadaiwa, kila mtu uwanjani anajua kwamba mpira utarushwa, na mrushaji hana tena cha kumficha adui. Ndivyo Young alivyojikuta akirusha mara 57 ili mipira 35 ipokelewe kwa yadi 369. Tarakimu hizo zinapendeza kwenye karatasi, lakini kwa kweli ni za timu iliyoishiwa na njia nyingine.

Laiti angeirudisha picha hata mara chache katika majaribio ya Robinson na kutuonyesha watu wa mstari wa mbele badala ya kumfuata mwenye mpira, wasikilizaji wangeondoka na ufahamu ulio kamili zaidi. Vizibo vilikuwa pale mezani, na vingefaa sana kwa kazi hiyo.

Sehemu iliyofidia upungufu huo ilihusu yadi 20 za mwisho. Kipindi cha kwanza kiliisha Alabama ikiongoza 9 kwa 6, na pointi zake zote 9 zilitokana na mikwaju 3 ya Will Reichard. Mzee mmoja aliyekuwa mstari wa mbele aliuliza, "Mwanangu, watu hawa wameshafika mlangoni, mbona wanapiga mpira badala ya kuingia?" Kijana akamjibu, "Mzee wangu, kadiri unavyoukaribia mlango ndivyo walinzi wanavyosongamana, maana nyuma yao hakuna tena uwanja wa kulinda." Kisha akaeleza kwamba mwendo wa kasi hauna faida katika nafasi finyu, na kwamba hapo hutakiwa nguvu za kusukuma au mpokeaji mrefu wa kuruka juu ya mlinzi. Lilikuwa jibu bora la usiku ule, na kwa maoni yangu liliithibitisha hoja ya safu ya mbele ambayo yeye mwenyewe aliipita.

Tachidauni pekee ya Alabama inasema mengi pia. Katika robo ya nne, mrushaji wa Georgia, Stetson Bennett, aliupoteza mpira, na Alabama ikaanzia yadi 16 tu kutoka kwenye goli, kisha Cameron Latu akapokea na kufunga, matokeo yakawa 18 kwa 13. Mashambulizi yake marefu yaliyotoka mbali hayakuzaa tachidauni hata moja. Mchambuzi aliligusia hilo kwa sentensi mbili, nami ningependa alitenge dakika 10.

Kuhusu mpira wa mwisho wa Young ulionaswa na mlinzi wa Georgia, Kelee Ringo, na kurudishwa yadi 79 hadi golini, mchambuzi alimtetea Young kwa haki. Zilikuwa zimebaki takriban dakika moja, matokeo yakiwa 26 kwa 18, na timu iliyo nyuma kwa pointi 8 hulazimika kuthubutu. Kumtwisha lawama za mechi nzima kwa mpira huo mmoja ni kutomtendea haki, na ukumbi ulipiga makofi aliposema hivyo.

Kwa upande wa mahali penyewe, kahawa tungu ni moto na haina uchoyo, viazi karai huuzwa mlangoni kwa bei ya kawaida, na picha inaonekana vizuri kwa walio karibu. Mabenchi hayana egemeo, na kwa shughuli ya zaidi ya saa tatu hilo ni tatizo la kweli, hasa kwa wazee. Kipaza sauti kilikoroma mara kwa mara na kumeza majina ya wachezaji. Jambo linalonikera zaidi ni kwamba hakuna sehemu iliyotengwa kwa akina mama, ilhali dada kadhaa walisimama nje ya dirisha wakifuatilia hadi mwisho; mapazia na viti vichache upande wa kulia, penye mlango wake, vingetosha, na mwenye ukumbi angepata wateja ambao kwa sasa anawapoteza.

Kwa shilingi 100 naipendekeza bila kusita, hasa kwa walimu wa michezo na vijana wa sekondari wanaotaka kujifunza namna ya kuichambua mechi kwa ushahidi wa picha. Malipo hufanywa mlangoni kwa pesa taslimu au kwa M-Pesa, na wanafunzi wenye kitambulisho hulipa nusu. Atakayekuja afike kabla ya shughuli kuanza ili apate nafasi katika mistari mitatu ya mbele, kwa sababu kutoka nyuma tarakimu za matokeo zilizo chini ya picha hazisomeki.