Drili nzuri, swichi ya hatari: uzoefu wangu

Huwa siandiki maoni kuhusu vitu nilivyonunua. Nikipata kibaya nanyamaza, nikipata kizuri namwambia jirani. Lakini hili la drili limenikaa kooni tangu kabla ya Ramadhani na leo nalitoa.

Kazi yangu ni kufunga mapazia hapa Dar es Salaam. Anayedhani ni kazi nyepesi hajawahi kutoboa linta. Fimbo ya pazia inakaa juu ya dirisha, na juu ya dirisha ndipo fundi ujenzi alipolaza nondo na kumwaga zege. Kwa hiyo niko juu ya ngazi, mikono imenyooka kupita kichwa, nasukuma biti, ile ncha ya kutobolea, nikijua kuna chuma humo ndani na sijui kiko wapi. Natumia drili ya waya yenye nyundo, yaani inayogonga huku inazunguka. Za betri nilizowahi kutumia zilichoka kabla sebule haijaisha, na mteja hasubiri uchaji.

Hii ninayoisema niliinunua Kariakoo. Duka silitaji, na chapa pia siitaji, maana zinazofanana nayo zimejaa mtaa mzima na rangi ni ileile.

Siku za mwanzo niliisifia kwa kila mtu. Ilikuwa inaingia kwenye tofali kama kisu kwenye papai. Halafu tukaenda kwa mama mmoja Tabata, dirisha la chumbani, biti ikagusa nondo ikakwama. Kukwama si ajabu. Biti ikisimama ghafla mota haijui, yenyewe inataka kuzunguka tu, na biti isipozunguka basi mashine ndiyo itakayozunguka pamoja na mkono ulioishika. Ndiyo maana ule mpini wa pembeni siuvui hata kwenye tundu dogo. Na dawa ya kwanza kila fundi anaijua: achia swichi.

Niliachia, na mashine ikaendelea.

Kile kitufe kidogo cha pembeni, kinachoshikilia swichi ili kidole kisichoke, kilikuwa kimejibana. Kawaida ukiminya swichi tena na kuiachia, kitufe kinafyatuka chenyewe. Niliminya, niliachia, hakikufyatuka. Mashine ikanigeuza kiwiko, ngazi ikayumba, na kama kijana wangu asingekuwa amesimama pale kwenye soketi akachomoa plagi, sijui leo ningekuwa naandika kwa mkono upi. Kwenye kazi zangu lazima mtu asimame karibu na soketi, na sitaiacha desturi hiyo.

Kifundo cha mkono kikavimba. Kesho yake nikairudisha dukani, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mkononi.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kijana wa kaunta hakuichomeka kwenye umeme, hakuigusa hata swichi. Aliniuliza, "Dada, ulikuwa umeishikaje?" Nikamwonyesha. Mimi natumia mkono wa kushoto. Akacheka, akamwita mwenzake aje aone. "Kumbe wa kushoto! Mashine hizi hazitaki kushoto." Halafu akaongeza, mbele ya wateja, "Nyumbani hakuna mwanaume wa kukutobolea?"

Nimefunga mapazia kwenye hoteli na kwenye nyumba za watu wazito, nimefundisha vijana wanaojitegemea sasa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nimekuja kwa ajili ya swichi, sijaja kuposwa." Akanisukumia risiti, akaniwekea kidole kwenye maandishi ya chini: bidhaa ikishauzwa haipokelewi. Na garantii? Ni ya mota, akasema, swichi haimo. Nani anayetumia mota bila swichi?

Kuhusu mkono wa kushoto, sikilizeni. Kitufe hicho mara nyingi wanakiweka upande wa kushoto wa mpini, pale dole gumba la mkono wa kulia linapofika. Ukishika kwa kushoto, kiganja ndicho kinachokaa juu yake, na ukisukuma kwa nguvu unaweza kukibonyeza bila kujua. Hilo ni kweli na wenzangu wa kushoto walijue. Lakini kubonyezwa si kosa la mtu. Ubovu ni kutofyatuka. Aliyeshika kwa kulia akakifunga kwa makusudi naye angekwama vilevile.

Na kuna jambo linalonitisha kuliko nondo. Umeme ukikatika huku kitufe kimejibana, mashine inanyamaza, unaiweka sakafuni, unaenda kunywa maji. Umeme ukirudi inaanza yenyewe, biti inazunguka, na kwenye nyumba za wateja wangu kuna watoto. Tangu siku ile umeme ukikatika nachomoa plagi kwanza, hata kama drili ni mpya na imetoka kwa mjomba wangu. Biti nayo sibadilishi kabla plagi haijatoka ukutani, na ule ufunguo wa kukazia biti siuachi kichwani mwa mashine hata dakika.

Niliipeleka kwa fundi mota, eneo la Gerezani hapa Dar. Mzee mtulivu. Aliifungua mbele yangu, akanionyesha springi ya kitufe imepinda na plastiki imechongwa vibaya, ikaparuza kila inapotoka. Akaweka swichi nyingine isiyo na kitufe cha kufungia kabisa. Kidole kinachoka, ndiyo. Kichoke.

Na hapa lazima niseme haki, ingawa inaniuma. Ndani, mashine ilikuwa safi. Gia zina grisi, waya umebanwa vizuri pale unapoingilia, kaboni zote mbili, zile zinazopeleka umeme kwenye mota inayozunguka, zimelika sawasawa. Mzee akaniambia zikibaki fupi nibadilishe zote mbili pamoja, na nikiona cheche zimekuwa kubwa kuliko kawaida nisisubiri. Matundu ya hewa nayapuliza kila jioni maana vumbi la zege ndilo linaloua mota. Tangu swichi ile ibadilishwe inatoboa linta bila kelele ya ajabu na haipati joto la kutisha. Nilikuwa nimeapa kuitupa. Siitupi.

Kwa hiyo nianze kusema nunueni? Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiiguse. Sasa nasema mashine ni nzuri. Lakini mtu wa kawaida, mwenye tundu moja la kutungikia saa, hana mzee wa Gerezani, na swichi ile itamkuta yuko peke yake juu ya kiti. Basi hapana, msinunue kama ilivyo. Mwambieni muuzaji aichomeke palepale, mfunge kitufe, mminye swichi na kuachia, mrudie. Akikataa kuchomeka, duka la pili liko hatua chache.

Mashine naipa nyota nne kwa swichi ya Gerezani, moja kwa swichi iliyokuja nayo. Duka lile silipi nyota hata moja. Risiti ninayo, swichi mbovu ninayo ndani ya mfuko wa nailoni, na wiki ijayo napeleka vyote viwili Tume ya Ushindani, wanaowalinda walaji.