St. Louis au Fall River, wapi soka la Marekani lilianzia kweli?

Kwa makombe ya mwanzo Fall River wako mbele sana bana, mji wa viwanda vya pamba kule Massachusetts, wafanyakazi wametoka Lancashire, Uingereza, na mpira wao, timu za pale zikabeba American Cup, kombe la zamani la klabu, mara 5 mfululizo, 1888 hadi 1892. Baadaye Sam Mark, mwenye timu ya Fall River Marksmen, akaijengea uwanja Tiverton, ng'ambo tu ya mpaka wa Rhode Island, maana Massachusetts walibana mechi za Jumapili, mjanja yule! St. Louis, kule Missouri, walichelewa ila mpira ulikuwa wa watoto wa pale pale, wa parokia za Wakatoliki, na wachezaji wa Marekani waliowafunga Uingereza 1-0 Kombe la Dunia mwaka 1950, watano walitoka huko. Mi naenda na St. Louis.